Daraja Lililomleta Mama Mkwe

Katika mji wetu wa mpakani, mtu akijigamba kuwa ni dereva hatumuulizi alisomea wapi. Tunamtazama shingo. Kama kila akikaribia njia panda anaiingiza shingo mabegani, mithili ya kuku aliyeona jiwe mkononi mwa mtu, basi tunajua amepita kwa Mwalimu Klachi. Mimi mwenyewe shingo yangu ni hiyo hiyo mpaka leo.

Jina lake halisi lilibaki kwa mkewe na kwenye kitambulisho. Sisi tulimwita Klachi kwa sababu ndilo neno lililomtoka mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa mwembamba kama ufito, mashati yanamning'inia utadhani bado yako kwenye kamba ya kuanikia, lakini sauti aliyopewa ilikuwa ya mtu mwingine, mnene. Ukiwa sokoni ungemsikia yuko kule stendi: "Klachi! Klachi! Hayo macho ni ya kuonea au ya kupambia uso?" Vyuo vikubwa vina magari ambayo mwalimu amewekewa breki ya pili upande wake. Gari la Klachi, kijigari cha bluu kilichopauka kwa jua, hakikuwa na kitu hicho. Breki yake ya pili ilikuwa koo lake. Na ilikuwa inakamata.

Mkewe, fundi cherehani, alizaliwa ng'ambo ya mto, yaani nchi ya pili. Mama yake alikuwa mkunga huko, mkunga wa siku nyingi, ambaye alikuwa amepokea mikononi mwake nusu ya watu wa kingo zote mbili. Klachi alimpenda sana mama mkwe wake. Alimpenda kwa dhati, na alimheshimu kupita kiasi, na vyote hivyo viliwezekana kwa sababu ya mto.

Maana mto ule haukuwa wa mchezo. Zamani daraja la chuma lilikuwepo, mafuriko yakalibeba. Baada ya hapo tukabaki na kivuko, pantoni moja iliyoondoka injini inapotaka na kurudi inapojisikia. Malori yalikaa kwenye foleni mpaka nyanya zikaanza kutoa maji na madereva wakaanza kuoa. Kwa hiyo mama mkwe alikuja mara chache: mtoto akizaliwa, au mtu akifa. Siku hizo chache Klachi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alivua kofia, aliangalia chini, akazungumza kwa sauti ya mgonjwa anayeaga. Mama mkwe aliondoka kila mara akiamini kuwa binti yake ameolewa na mwanamume mwema mwenye ugonjwa wa kifua, na mara mbili hivi alimtumia asali kwa watu wa kivuko.

Ndipo serikali mbili zilipokubaliana kujenga daraja.

Lilijengwa juu sana, ili mafuriko yapite chini yake bila kugusa mtu. Tumboni mwake walipitisha nyaya za umeme, maana wao wana umeme wa maporomoko unaozidi na sisi tuna giza linalozidi. Juu wakaweka taa za sola, na pembeni njia ya wapita kwa miguu na baiskeli. Kingoni walipanda miti na matete ili udongo usiliwe na maji. Mbuzi wa pande zote mbili walifurahia sana ushirikiano huo, mpaka mainjinia wakazungushia uzio.

Tatizo lilikuwa moja tu. Sisi magari yetu hupita kushoto. Wenzetu hupita kulia. Nchi zote mbili zilikaa mezani, kila moja ikaeleza kwa upole kwa nini nyingine ndiyo ibadilike, na mwisho wakakubaliana kuwa hakuna atakayebadilika. Kwa hiyo juu ya daraja ungepita kushoto kama kwetu, na ukifika mwisho wake, upande wa ng'ambo, barabara mbili zingekatana kwenye taa, wa kushoto aende kulia na wa kulia aje kushoto. Mahali hapo watu walipaita Mkasi.

Kamati ya daraja ilimwita Klachi awafundishe madereva wa mji wetu namna ya kupita Mkasi. Alishonewa shati jipya kwa kazi hiyo. Kwa muda wa wiki nzima alisimama pale na filimbi na kipaza sauti ambacho hakukihitaji, akipayuka, "Ng'ambo kulia! Kwetu kushoto! Hata mbuzi ameshaelewa!" Akarudi nyumbani kila jioni kifua mbele, akimwambia mkewe kuwa Mkasi ule anaujua kama mfuko wa suruali yake.

Daraja lilifunguliwa siku ya Jumamosi kwa hotuba. Jumapili asubuhi, Klachi yuko sebuleni na kaptula na fulana yenye tundu, akikemea redio, mlango ukagongwa. Alikuwa mama mkwe, na kikapu.

"Shikamoo, Mama," Klachi alisema kwa ile sauti ya kuaga, huku akivuta kitambaa cha meza ajistiri magoti.

"Marahaba, mwanangu. Kifua kinaendeleaje?" Aliketi, akajipepea kwa kiganja, akatazama huku na huku kama mtu anayekagua wodi. "Nimetembea tu. Hata chai niliyokunywa kwangu bado ina moto tumboni. Kumbe mko jirani hivi! Miaka yote hiyo tumedanganywa na maji."

Alirudi Jumatano. Alirudi Ijumaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini nani atampa mama mkwe jembe? Klachi akawa mtu wa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Fulana yenye tundu ilifichwa. Redio ilikemewa kwa kunong'ona.

Na wiki ya tatu mama mkwe alieleza shida yake. Kaka yake alikuwa amefariki na kumwachia pikapu. Pikapu imekaa uani, kuku wanataga ndani yake. Yeye anataka kujifunza kuiendesha.

"Na mwalimu," alisema, "ninaye ndani ya familia. Niende wapi kwingine?"

Klachi alimtazama mkewe ili amwokoe. Mkewe alikuwa ameinamia cherehani, anazungusha gurudumu kwa nguvu ingawa sindano haikuwa na uzi.

Somo la kwanza lilifanyika kwenye kiwanja nyuma ya ghala la nafaka, na nusu ya mtaa walienda kuangalia, mimi nikiwemo. Mama mkwe alishika usukani kwa mikono miwili imara. Klachi alikaa pembeni, kofia mapajani. Gari liliruka, likatulia, likaanza kwenda, na lilipoanza halikuonyesha nia ya kuacha. Mbele kulikuwa na mwuza ndoo za plastiki aliyekuwa amezipanga kama mnara.

Sasa, mwanafunzi mwingine yeyote angekuwa amepigiwa kelele za kusikika wilaya ya pili. Lakini utampigiaje kelele mama mkwe? Klachi alisafisha koo. "Mama," alisema taratibu, "samahani sana, kama haitakuwa usumbufu, na ukipata nafasi, nilikuwa naomba..."

"Naam, mwanangu?" Mama mkwe alimgeukia kwa heshima, kama anavyogeukiwa mtu anayezungumza.

Ndoo zilifika kila pembe ya kiwanja. Moja tuliikuta juu ya paa la ghala.

Kwa somo la pili Klachi alikuja na ufumbuzi. Alimweka mkewe kiti cha nyuma. Yeye asingemwambia mama mkwe kitu moja kwa moja. Angemwambia mkewe, na mkewe, akiwa ni mtoto wa kumzaa, angefikisha.

"Mwambie Mama apunguze mwendo," alisema Klachi akitazama dirishani.

"Mama, anasema upunguze mwendo."

"Mwambie simsikii, gari linanguruma."

"Anasema hasikii, gari linanguruma."

"Mwambie basi akanyage breki."

Ujumbe ulipofika mbele, gurudumu lilikuwa limeshafika mtaroni. Walikaa wameinama upande mmoja, wote watatu, honi inalia yenyewe. Kisha mkewe akapasuka. "Baba watoto, kwa nini humpigii kelele? Mimi ulinipigia kelele siku niliyokusaidia tu kusukuma gari!"

"Nimpigie kelele mama yako?"

"Bora kelele kuliko kifo!"

Mama mkwe alijitoa garini kwa kupanda juu, maana mlango wake ulikuwa umetazama mbingu. Akatikisa vumbi kwenye kanga, akamtazama Klachi vizuri. "Kelele gani? Kumbe huyu ana sauti?"

Watu waliokuwa wanachungulia walicheka mpaka wakashika kuta.

Mama mkwe hakucheka. Alifikiri kidogo, kisha akapitisha sheria. "Sikiliza, mwanangu. Mimi kazini kwangu, mke wa mkuu wa wilaya na mwuza mchicha wakishalala pale kitandani ni sawa, wote nawakemea. Kwa hiyo na wewe iwe hivyo. Mlango huu ukifungwa, mimi si mkweo, ni mwanafunzi. Mlango ukifunguliwa, ni mkweo. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Mlango uko wazi bado. Sema kwa adabu."

"Nimeelewa sana, Mama."

Sheria ile ilifanya kazi, ila si kwa namna aliyoitegemea Klachi. Somo la tatu alimpigia kelele moja ya mwaka, kelele ya wiki zote za kunyata. "Klachi! Klachi! Unakanyaga au unapapasa?" Na mama mkwe, aliyekuwa amewakemea wanawake wenye uchungu tangu Klachi hajaota meno, akamjibu kwa sauti iliyotingisha kioo: "Tulia! Pumua! Usibane miguu!" Klachi alitulia, akapumua, akaachia miguu. Tangu siku hiyo ulikuwa huwezi kujua nani anamfundisha nani. Walizunguka mji mzima wakipayukiana, na watu walitoka madukani kuwasikiliza.

"Kata kulia! Kulia! Kulia!"

"Nilie nini? Kwani umeniumiza?"

"Mkono wa kulia, mwanafunzi!"

"Sema mkono basi! Mtu mzima anaambiwa kulia, kulia, barabarani, kama kuna msiba!"

Na neno likimzidi, mama mkwe alisimamisha gari, akafungua mlango taratibu, akauacha wazi, kisha akauliza kwa upole, "Ulikuwa unasemaje, mwanangu?" Hapo Klachi alivua kofia na kutazama viatu vyake mpaka mlango ufungwe tena.

Siku moja, jua likiwa kali, walipumzika kwenye kivuli cha ghala, wakila machungwa. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo Klachi alitumia sauti ndogo. Alimuuliza jambo lililokuwa linamkereketa tangu mwanzo: kwa umri wake, na njia ya miguu ipo, pikapu ya nini?

Mama mkwe alimenya chungwa lake mpaka likaisha maganda.

"Kuna mwaka kivuko kiliharibika," alisema. "Nilikaa pale ukingoni na binti mmoja, mimba yake ya kwanza, mtoto amekaa vibaya. Sisi kule hatuna upasuaji. Hospitali yenu nilikuwa naiona, mwanangu. Naiona kwa macho haya, mabati yake yanang'aa. Fundi wa kivuko anasema nipe muda kidogo, nipe muda kidogo. Tukampa kidogo mpaka jua likazama."

"Ikawaje?"

"Mtoto ni yule anayekuja kwangu kuchota maji. Anakaa na bibi yake."

 Mama mkwe alijifuta mikono. "Gari la wagonjwa la kwetu ni moja, na lenyewe ni mgonjwa. Sasa daraja lipo. Hospitali bado naiona. Kilichobaki ni mimi kujua kukanyaga hiyo klachi yako." Akapanda, akafunga mlango kwa kishindo. "Haya! Kelele!"

Kuanzia hapo Klachi alimfundisha kwa bidii ambayo wanafunzi wake wengine hatukuwahi kuipata. Mwisho akaona ameiva. Alibakiza kuvuka daraja tu, kutoka kwake kuja kwetu, akiendesha pikapu yake mwenyewe.

Siku hiyo Klachi alienda ng'ambo mapema. Kuku walikuwa wametolewa, injini imefanyiwa matengenezo, ingawa kila ikipumua iliachia unyoya. Klachi alifungua mlango wa upande wa kulia, akakaa, akanyoosha mikono kushika usukani. Akashika hewa. Magari ya kule usukani uko kushoto. Mama mkwe alikuwa ameshakaa mbele ya usukani huo, kushoto, anafunga mkanda.

Hili ndilo lililommaliza mwalimu wetu. Tangu alipojua gari, kiti cha kulia kwake kilikuwa kiti cha kuamua. Sasa amekaa pale hana usukani, hana kanyagio, miguu yake inapiga sakafu tupu kama mtu anayeota anakimbizwa. Njia yote mkono wake wa kushoto ulikuwa unakimbilia gia isiyo yake. Walipoukaribia Mkasi, taa ikiwa ya kijani, kichwa chake kilikuwa kimechanganyikiwa kama nyuzi kwenye kikapu cha mkewe. Kwa kuwa leo kila kitu kiko kinyume, aliwaza, basi na hiki nacho kitakuwa kinyume.

"Mkono wa kulia!" alipayuka. "Baki kulia! Usihame!"

"Lakini mshale unaonyesha..."

"Nani mwalimu hapa?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Mwanafunzi akatii. Wakaingia darajani upande wa kulia, na pikipiki tatu zikawafuata, kwa imani kwamba gari lenye Mwalimu Klachi ndani yake haliwezi kupotea.

Hawakufika mbali. Mbele yao, upande huo huo, lilikuja basi la abiria kutoka kwetu. Mama mkwe alikanyaga breki kama alivyofundishwa, basi nalo likakanyaga, vikasimama pua kwa pua, karibu kiasi cha kuazimana kiberiti.

Dereva wa basi alikuwa kijana mmoja tuliyemwita Kobe, kwa jinsi alivyochelewa kuelewa gia. Alikuwa amepita mikononi mwa Klachi, tena kwa mateso. Alichungulia kioo, akafikicha macho, akachungulia tena. Kisha akatoa kichwa na mabega yote nje ya dirisha. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo maisha yake yote.

"Klachi!" alipayuka Kobe. "Klachi! Hayo macho ni ya kuonea au ya kupambia uso?"

Basi zima likalipuka kwa vicheko. Mimi nilikuwa ndani, kiti cha tatu, na sitakudanganya, nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Klachi alishuka akiwa ametota jasho. Akaomba, kwa sauti ya kwenye msiba, apishwe kwenye usukani arudishe gari nyuma mpaka Mkasi. Mama mkwe alishuka akampisha. Klachi akaingiza gia ya rivasi. Pikapu ikakwaruza, ikakohoa, ikatulia. Akaingiza tena. Ikakwaruza tena.

"Hiyo haiingii," alisema mama mkwe, amesimama nje na mkoba wake. "Haijaingia tangu kaka yangu akiwa hai. Marehemu hakupenda kurudi nyuma."

"Mama! Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Masomo yote umenifundisha kwenda mbele."

Kugeuza gari pale isingewezekana, barabara ilikuwa nyembamba na upande wa pili malori yalikuwa yanapita mfululizo. Nyuma ya basi foleni ilianza kukua. Honi zikaanza. Afisa wa daraja akaja mbio na kizibao chake cha njano, akamwona ni Klachi, akasimama, akageuka pembeni kuficha kicheko.

Mama mkwe aliitazama foleni, akamtazama Kobe, ambaye bado alikuwa ananing'inia dirishani akijifurahisha.

"Wewe," alimwita. "Mtoto wa mwuza mkaa. Si ndiye wewe?"

Kobe akanyamaza. "Ndiye mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Unawacheka wenzako kwa kukosa njia? Wewe hata duniani ulikuja kwa rivasi. Miguu mbele! Nimehangaika na wewe mpaka kukapambazuka. Shuka hapo."

Kobe akashuka. Nyuma yake tukashuka wengine, mmoja mmoja, maana kila aliyetazamwa na yule mama alikumbuka kuwa mama yake mzazi anadaiwa shukrani naye. Alitupanga mbele ya pikapu kama anavyojua mwenyewe, wanene katikati, wembamba pembeni. Klachi akawekwa kwenye usukani kunyoosha njia. Wale wa pikipiki waliambiwa warudi walikotoka. Kisha mama mkwe akapandisha mikono ya blauzi, na sauti ile ikatoka:

"Vuta pumzi! Haya, sukumeni! Sukumeni! Usikaze shingo, sukuma kwa kiuno! Pumzika. Vuta tena. Inakuja, inakuja, naiona. Sukumeni!"

Tulisukuma. Madereva wa malori walizima injini kutushangilia. Mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa dirishani mwa basi aliomba aketishwe mbali, akisema sauti ile inamletea mambo. Na pikapu ikarudi nyuma, kidogo kidogo, mpaka Mkasi, ikaelekezwa upande wake wa haki, na watu wakapiga makofi kama mtoto amelia.

Mama mkwe alirudi kwenye usukani. Klachi alizunguka, akapanda, akakaa kiti kile cha kulia kwa aibu, mikono kaiweka chini ya mapaja isije ikashika kitu. Wakavuka mpaka kwetu bila kelele hata moja.

Baada ya hapo Klachi alijifungia nyumbani kwa siku kadhaa. Alidhani kazi imekwisha, nani atasomeshwa na mwalimu aliyepotea kwenye Mkasi wake mwenyewe? Lakini wanafunzi waliongezeka, hata kutoka ng'ambo. Wengine walisema mtu aliyekwishapotea ndiye anayejua panapopoteza. Wengine, nadhani, walitaka tu kumwona. Kamati ya daraja nayo ilichora mishale mipya barabarani, mikubwa kiasi kwamba wanasema hata ndege wanafuata.

Mama mkwe alipata leseni. Pikapu aliitandikia godoro nyuma, akaifunika turubai, na maofisa wa mpaka wa nchi zote mbili waliijua kwa mlio wake. Wakiisikia inakuja wanainua kizuizi kwanza, maswali baadaye. Amevusha wengi. Yupo mmoja aliyekataa kusubiri, akazaliwa katikati ya daraja. Maofisa wa pande zote walikuja kumwandikisha, kila mmoja akidai ni wa kwake, wakabishana mpaka mkunga akawaambia kama hawana maji ya moto wampishe.

Ile rivasi haikupata dawa. Fundi alisema kifaa chake hakitengenezwi tena popote duniani. Basi mama mkwe akamwita mwashi, akabomoa ukuta wa nyuma wa ua wake, akaweka geti la pili. Anaingilia la mbele, anatokea la nyuma, na habari ya kurudi nyuma imekwisha.

Jumapili moja Klachi aliaga kwake kuwa anaenda kuliona hilo geti. Mkewe aliacha kushona akamwangalia. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuvuka mto kwa hiari, bila harusi wala msiba. Alivuka kwa miguu, akaliona geti, akalisifia. Mama mkwe alitoa viti viwili uani na birika la chai, wakakaa wakitazama malori yanavyopita kwa mbali, moja nyuma ya jingine, na wakabishana juu ya reli, maana inasemekana nayo inakuja. Mama mkwe alisema itapita nyuma ya soko. Klachi alisema haiwezekani, itapita mbele ya soko, na alisema kwa sauti kubwa, na mlango hakuna.

Jua lilipoanza kupungua ukali simu yake ikalia. Alikuwa mkewe, anauliza mbona harudi, chakula kinapoa.

"Nipo njiani," alisema Klachi. Akakata simu, akasogeza kikombe chake karibu na birika. "Kwa hiyo Mama, hebu niambie vizuri. Hiyo reli nani kakwambia itapita nyuma?"